Nani Anayasimamisha Maji Yetu?

Bomba la hapa kwangu Same mjini lina tabia ya kukohoa kabla ya kutoa maji. Linaweza kukauka hadi tukasahau kwamba lipo, halafu mchana mmoja nimekaa nachambua mchele, linaanza: kho, kho, pwaa! Linatema upepo, linatema tope jekundu kidogo, ndipo maji yanakuja. Ile harufu ya tope la kwanza ndiyo inayoninyanyua. Nakuwa nimeshasimama kabla sijajua kwamba nimesimama, mchele umemwagika, macho yanatafuta jembe. Wajukuu wanacheka mpaka wanashika mbavu. "Bibi, kaa chini, maji hayakimbii!" Hayakimbii? Waacheni, hawajawahi kuyafukuza.

Ninyi wa rika langu mliokulia Upare wakati wa Mwingereza, hasa wa Mhezi na Chome na kuzunguka huko, mnaijua harufu ninayoisema. Ni ya mfereji mkavu unaolambwa na maji baada ya kuyangoja sana. Sisi hatukuwa na bomba. Tulikuwa na ndiva, lile bwawa lililochimbwa na mababu juu ya mashamba, likijaa usiku kutoka kijitoni na kufunguliwa mchana. Tundu lake lilizibwa kwa gogo lililozungushiwa magome ya mgomba na udongo wa mfinyanzi. Mzee wa ndiva alilichomoa, akapiga pembe, na mwenye zamu akajua mfereji ni wake. Zamu hiyo hukuipata bure. Ilitokana na msaragambo, ile kazi ya wote kukusanyika kuzoa tope la ndiva. Nyumba isiyoleta mtu msaragambo haikuwa na maji, na wewe mwenye zamu hukuruhusiwa hata kumgawia jirani asiyekuwa nayo. Ukikamatwa, zamu yako inaondoka.

Shamba letu lilikuwa mkiani kabisa mwa mfereji, mahali ambapo mteremko unakaribia kukata tamaa. Baba alikuwa ameshuka kwenda kukata mkonge, akawa kama jiwe lililotupwa kwenye majani, hatukusikia tena lilikoangukia. Tulibaki mimi na mama. Mama hakuwa wa huko. Aliolewa kutoka Ugweno, upande wa pili wa milima, na watu wa Mhezi hawakuacha kumwita Mgweno. Alikuwa mrefu, mwepesi wa kutembea, mzito wa kusema. Ukimwuliza jambo alilitafuna kwanza, na mara nyingi alilimeza.

Mwaka huo mvua ilitudanganya. Ilinyesha ya kupandia, mahindi yakatoka vizuri, ikaenda zake. Shangazi, dada yake baba aliyeolewa Kileo, kule tambarare, alikuwa amejifungua na mumewe yuko kitandani, akatuma salamu kwamba anahitaji mtu wa kumsaidia, na kwamba kwake chakula kipo. Mama alizisikia salamu zile akiwa anakoroga makande. Akaendelea kukoroga. Kisha akasema, "Mahindi haya yakifa, mtu wa nyumba hii atashuka Kileo."

Mtu wa nyumba hii! Nani tena kama si mimi? Watoto wachanga walibebwa na wasichana wa umri wangu, hilo halikuhitaji kuulizwa. Na Kileo hakukuwa na shule ya kwenda msichana wa kubeba mtoto. Niliipenda shule, jamani. Niliipenda vibaya. Nilipenda vumbi la chokaa, nilipenda kibao changu cha kuandikia kilichovunjika pembe, nilipenda hata kupigwa na baridi asubuhi nikikimbia huko. Tangu siku ile sikutulia tena. Nikila naangalia mahindi, nikichota maji naangalia mahindi, na kanisani, Mungu anisamehe, nilisali macho wazi ili niyaone mawingu kupitia dirishani.

Mwalimu wetu, Mwalimu Elieza, alikuwa kijana wa kaptula iliyonyooshwa kwa pasi, mwenye kupenda kututoa nje. Siku moja, katika somo alilokuwa akiliita Maarifa, alikuja na chungwa. Tukadhani tutagawiwa. Akalisukuma kwenye nyasi, likaenda kidogo likasimama. Akalisukuma kwenye uwanja uliofagiliwa, likaenda mbali zaidi, likasimama.

"Kwa nini limesimama?" akauliza.

"Limechoka, mwalimu!" akajibu mmoja wetu, na sisi wengine tukaitikia, ndiyo, limechoka.

Mwalimu alicheka. "Chungwa lina miguu? Vitu havichoki, watoto. Sikilizeni vizuri. Kitu kilichotulia kitaendelea kutulia mpaka kisukumwe. Na kikishaanza kwenda, kitaendelea kwenda tu, moja kwa moja, mpaka kuwe na cha kukisimamisha. Sasa tunakwenda kanisani kwenye sakafu ya saruji, mkaone wenyewe ni nini kinacholisimamisha."

Basi hapo hapo pembe ya ndiva ikalia. Siku hiyo ilikuwa ya zamu yetu. Mwalimu alinipungia mkono niondoke, maana alijua taratibu, na mimi nikatimua mbio nikiwaacha wenzangu wanajipanga kwenda kanisani. Kwa hiyo chungwa la kwenye saruji sikuliona, wala maelezo yake sikuyasikia. Nilishuka mlima na nusu ya somo.

Kazi yangu siku za zamu ilikuwa kukaa mwanzoni mwa shamba na jembe, niyapokee maji na kuyaelekeza kwenye mistari. Mama alikuwa juu. Yeye aliyafuata maji tangu ndiva, akizibua majani na kuziba panapovuja, mpaka yanifikie. Nikasimama. Nikangoja. Kivuli changu kikajikunja kikajikunjua upande wa pili. Ndipo nikauona ulimi wa maji ukija, umebeba povu na vijiti na siafu waliochanganyikiwa, polepole, polepole zaidi, na hatua chache kabla ya mahindi yetu, ukasimama. Ukasimama pale pale ninauangalia! Ukanywewa na mchanga, pakabaki povu.

Zamani ningesema maji yamechoka. Lakini sasa nilikuwa na elimu. Vitu havichoki. Kikishaanza kwenda hakisimami mpaka kisimamishwe. Sasa nani anayasimamisha maji yetu? Kumbe miezi yote hii tunaibiwa!

Mama aliposhuka, amejaa tope mpaka magotini, nilimvaa kabla hajaweka jembe chini.

"Mama, nani anatuzuilia maji?"

Alilitafuna swali. "Ardhi ina kiu," akasema.

"Ardhi haina mikono!"

"Haya," akasema mama, akaingia ndani.

Siku zilizofuata sijui nilizipitaje. Kila kitu kilichoviringika nilikiviringisha: vibuyu, mawe, limau la Bibi mmoja jirani aliyenitukana kwa ajili yake. Kila kiliposimama niliona ninafundishwa lile lile, kuna mtu. Nikaanza kuwahesabia majirani dhambi. Aliyekuwa na migomba yenye afya, mwizi. Aliyecheka kwa sauti, mwizi. Aliyetusalimia kwa upole kupita kiasi, huyo ndiye kabisa. Na mahindi yalikuwa yameanza kujikunja majani kama mikono ya mtoto mwenye baridi, nami kila nikiyaona nasikia mtoto wa shangazi akilia mgongoni mwangu.

Zamu yetu iliporudi, pembe ikalia, sikwenda kwenye lindo langu. Nilipandisha mfereji. Karibu na shamba letu, juu kidogo, ilikuwapo nyumba ya Mzee Kajiru, ambaye ndiye aliyekuwa mzee wa ndiva. Alikwishachomoa gogo akarudi nyumbani kwa njia ya mkato, yuko chini ya ukuta anavuta ugoro. Mzee huyu alikuwa mkali wa sheria za maji, lakini ulimi wake ulikuwa wa utani, na hukujua kipi kitatangulia.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Wewe binti wa Mgweno, mbona hukai shambani kwenu? Maji yakishuka nani atayapokea?"

"Hayashuki. Kuna mtu anayasimamisha."

"Nani kasema?"

"Mwalimu."

"Mwalimu kamwona?"

"Hakumwona. Lakini amesema kitu kikishaanza kwenda hakisimami mpaka kisimamishwe."

Mzee Kajiru alipiga chafya ya ugoro, akafuta macho. "Huyo mwalimu wako hajawahi kuchunga mbuzi wangu. Anasimama mwenyewe tu, hata ukimpiga." Kisha uso wake ukabadilika, kwa sababu wizi wa maji haukuwa mzaha kwake. Akatafuta fimbo. "Tangulia. Ninakuja. Kama yupo, leo atanijua."

Loo, nilivyojisikia! Nilikimbia mbele ya mzee wa ndiva kama askari. Nilikagua kila ukingo. Palikuwa na majani yaliyokwama, nikayatoa. Palikuwa na mizizi inayoning'inia majini, na matundu madogo madogo ya kaa wa mtoni, na mahali ambapo udongo ulikuwa umelowa tu bila sababu. Mwizi hapana. Kadiri nilivyopanda ndivyo maji yalivyozidi kuwa mengi, nami nikazidi kukimbia.

Chini kidogo ya shule, kwenye kona ya mfereji, aliishi Bibi Nakijwa. Alikuwa mjane peke yake, watoto wake wote wamekwenda Tanga. Hakuwa na mtu wa kumpeleka msaragambo, kwa hiyo hakuwa na zamu, na bustani yake ya maharage ilikuwa inajulikana kwa ukavu. Nilipopinda kona nikaiona bustani ile inang'aa maji. Ukingo umekatwa. Nusu ya maji yetu, zaidi ya nusu, yanaingia kwa Bibi Nakijwa yanacheza. Na aliyesimama katikati, kaniki imefungwa kiunoni, mguu mmoja ndani ya mfereji kuyageuza maji na jembe mkononi, alikuwa mama.

Sikuelewa. Nilijaribu kuliweka lile nililoliona katika namna yoyote, halikukaa. Kisha nikapiga kelele.

"Mama! Unaimwaga shule yangu!"

Aliniziba mdomo kwa mkono wa tope. Nilikula udongo. Nikauvuta ule mkono pembeni, nikasema, na sauti yangu ikawa ndogo, "Mzee Kajiru yuko nyuma. Nimemwita mimi."

Sikuwa nimewahi kumwona mama akiogopa kabla ya siku hiyo. Alilirukia tope, akaanza kuziba lile pengo kwa mikono, anasema maneno ya Kigweno mfululizo, lugha yake ya siku mbaya. Mimi nikaziba naye. Nilikuwa namchukia na namzibia. Kama zamu ingechukuliwa, basi hata yale matone yaliyotufikia yasingetufikia, na kisa ni yeye, na kisa ni mimi. Bibi Nakijwa alitoka mlangoni, akaona, akarudi ndani akafunga mlango.

Mzee Kajiru akatokea na fimbo yake. Aliangalia maharage yanayometameta. Aliangalia lile tope bichi kwenye ukingo lenye alama za vidole, vikubwa na vidogo. Akamwangalia mama, ambaye hakuinua kichwa. Nilisikia maji tu yakipita.

"Fuko," akasema hatimaye.

"Fuko ametoboa ukingo. Fuko wa mwaka huu wamekuwa wakubwa, wengine wanajifunga kaniki." Akagusa lile tope kwa ncha ya fimbo. "Shindilia vizuri, Mgweno. Fuko huyo nikimkuta hapa tena, nitamjua kwa jina." Akageuka. Alipofika kwangu akasimama. "Na wewe mwambie mwalimu wako tumempata."

Tulirudi nyumbani, yeye mbele, mimi nyuma. Nilingoja aniombe radhi, naye nadhani alingoja nisahau. Kwa nini? Nilijiuliza mpaka kichwa kikauma. Tuna njaa yetu, tuna mahindi yetu, Bibi Nakijwa si ndugu wala si Mgweno mwenziwe. Niliamua kwamba mama anataka niende. Ndiyo, nilifika huko. Niliamua kwamba amechoka nami, ameona afadhali mahindi yafe haraka, nipelekwe Kileo.

Mahindi yalikufa. Kwanza yalikuwa kijivu, halafu rangi ya majivu, halafu yakawa yanalia kama karatasi upepo ukipita. Asubuhi moja mama alifunga mzigo: blanketi, sufuria, kaniki ya pili. Sikungoja kuambiwa. Nilichukua gauni langu, nikachukua kibao changu ingawa nilijua Kileo hakitakuwa na kazi, nikasimama mlangoni nimekaza meno nisilie. Mama aliniangalia, akaangalia kibao, akajitwika mzigo.

Tukapanda hadi njia panda pale chini ya shule, maana njia ya kushukia bonde ilianzia huko. Kengele ya shule ilikuwa inagongwa. Bibi Nakijwa alikuwa ukingoni mwa bustani yake, amejishika kiuno, na nyuma yake maharage yamepanda mpaka kwenye magoti yake, mabichi, mazito, yameanza kufunga. Katika kijiji kile kilichokauka ile ilikuwa kijani peke yake.

"Ndiye huyu?" akauliza Bibi.

"Ndiye," akasema mama. "Shuleni asikose hata siku moja. Kuni na maji atakusaidia."

Hata hapo sikuelewa. Nilikuwa nimeshaanza kushuka ile njia ya bonde. Mama akanishika bega akanizuia.

"Wewe unakwenda wapi?"

"Kileo."

"Nani alikuambia Kileo ni wewe?"

"Ulisema mtu wa nyumba hii."

"Na mimi ni nani?" akasema mama. "Mimi si mtu?"

Aliushusha mzigo akachuchumaa tukawa sawa. Akasema, kwa mkato, kama mtu anayetoa mwiba, kwamba yale mahindi alijua mapema hayataokoka, maji hayafiki, hata akiyaleta yote hayafiki. Kwamba alikwenda kwa Bibi Nakijwa kumwomba anichukue, na Bibi akasema nyumba ninayo, tatizo tutakula nini. "Nikampa maji. Uliponikuta pale, ukasema naimwaga shule yako." Akatikisa kichwa. Machoni mwake palikuwa na kicheko na kingine tofauti na kicheko. "Nilikuwa ninaipelekea maji."

Nilimng'ang'ania. Nasema kweli, nilimshika kaniki kwa mikono miwili na nikasema sitaki shule, nichukue, nitabeba mtoto, nitabeba hata wawili. Watu wa milimani tuliiogopa tambarare. Homa ya huko tuliijua, walioshuka wazima walirudi manjano. Mama aliifungua mikono yangu kidole kwa kidole. Akanigeuza nitazame shule. Kisha akaweka kiganja katikati ya mgongo wangu na kunisukuma. Hakunisukuma kwa upole. Nusura nianguke.

"Nenda," akasema.

Nikaenda. Nilipogeuka alikuwa ameshapotea kwenye kona, ana miguu mirefu yule.

Bibi Nakijwa hakuwa mtu wa kubembeleza. Kila jioni aliweka sahani ya maharage mbele yangu na kila nilipoisukuma aliirudisha. "Kula. Haya yamekunywa maji ya mama yako. Ukiyaacha unamwaga wewe sasa." Nikala. Nililia nikala.

Na chungwa? Siku moja nilimfuata Mwalimu Elieza baada ya masomo, nikamwambia nilikosa sehemu ya saruji. Alinichukua mpaka kanisani, na kwa kuwa hakuwa na chungwa akatumia kibuyu kidogo. Akakisukuma. Kilikwenda kutoka mlangoni mpaka karibu na madhabahu, kinakwenda, kinakwenda, nikafikiri hakitasimama. Kikasimama.

"Nani amekisimamisha?" nikauliza.

"Siyo nani," akasema. "Ni sakafu. Njia yenyewe inakisugua, kidogo hapa, kidogo pale, mpaka nguvu ya ule msukumo inakwisha. Palipo laini kinakwenda mbali, palipo na mikwaruzo kinasimama upesi. Hata maji kwenye mfereji ni hivyo hivyo, tena yenyewe, juu ya hayo, yananywewa na udongo."

Ardhi ina kiu. Mama alinijibu siku ile ile, nami nikamwambia ardhi haina mikono. Nilikaa kwenye ile saruji baridi nikalia mpaka mwalimu wa watu akaogopa, akanipa kile kibuyu niende nacho.

Mama alirudi mvua ziliporudi. Alirudi mwembamba, macho manjano, na homa ya tambarare ilikuwa imeingia ndani yake ikapata makao. Ilimtembelea kila mwaka maisha yake yote. Ikimkamata alitetemeka mpaka kitanda kinagonga ukuta, na katika kuweweseka kwake hakumwita baba wala hakuwaita wazazi wake wa Ugweno. Aliuliza neno moja. "Umekwenda?" Nilikuwa msichana wa shule, akauliza. Nilikuwa mwalimu mwenyewe, nina darasa langu, nimeketi pembeni ya kitanda na uchovu wa safari, akauliza, "Umekwenda?" Nami najibu, "Nimekwenda, mama."

Hata siku ile ya mwisho, hapa hapa Same, katika chumba kile cha nyuma, hakunijua uso tena lakini alijua swali lake. Nilimwambia nimekwenda. Nikamwambia bado ninakwenda. Akatoa mkono chini ya shuka akanitafuta mgongo, akaweka kiganja pale pale, nguvu hana.

Sasa bomba limekohoa tena wakati naandika. Naisikia harufu. Wajukuu wanapiga kelele huko nje, Bibi, kaa, tutakinga sisi. Na mimi nimeshasimama.